Mkono Juu ya Goti

3 Februari

Wifi,

Barua yako nimeipokea kwa dereva wa gari la mitungi ya oksijeni, imekunjwakunjwa kama karatasi ya kufungia karanga. Nashukuru hata hivyo. Nilikwambia, na narudia kwa sababu najua kwako jambo haliingii mara moja: simu usipige. Kila ukipiga mtoto analia mpaka apitiwe na usingizi, na anayebaki na kamasi begani ni mimi. Andika. Kuandika kunamlazimisha mtu afikiri kabla ya kusema, na zoezi hilo litakufaa.

Sasa kuhusu mtoto. Mimi simwiti Chiriku. Jina hilo marehemu kaka yangu alimpa kwa mzaha, wewe ukalishikilia kama cheo. Mtoto anayeitwa Chiriku tangu azaliwe atafanya nini kama si kupiga domo? Alipofika hapa alikuwa hajui kuomba, anajua kuamuru tu. "Maji!" "Nifungue!" "Kiatu!" Akiwa chooni anaita mtaa mzima ujue kwamba amemaliza. Nina darasa zima la watoto wa umri wake, miaka mitano mitano, na hakuna hata mmoja anayenipigia kelele isipokuwa huyu wa damu yangu. Wazazi wakija kuchukua watoto wao wanageuka kumtazama, halafu wananitazama mimi. Nimeaibika kwa ajili yako, na wewe hata hujui.

Nimeanza naye mwanzo kabisa. Kanuni ya darasa langu ni nyepesi, hata wewe utaielewa. Mtoto akitaka msaada anakuja nilipo, anaweka mkono juu ya goti langu, anafunga mdomo. Kama naongea na mtu, namaliza kwanza. Nikimaliza naufunika mkono wake kwa mkono wangu, ndipo aseme: "Samahani, naomba unisaidie." Basi. Hakuna kuvuta nguo, hakuna kupiga miguu chini, hakuna "sasa hivi".

Siku ya kwanza alinigonga goti kama mtu anayegonga choo chenye mtu. Nilimrudisha ukutani akaanza upya. Akakosea, akarudi ukutani. Wenzake walikunywa chai wakamaliza, yeye bado yuko safarini kati ya ukuta na goti. Wewe ungemwonea huruma, na ndiyo maana amefika hapa alivyofika.

Hajambo. Anakula vizuri.

Wifi yako,
Mwalimu


11 Februari

Shikamoo Mwalimu,

Nimeanza na shikamoo usije ukanirudisha ukutani.

Barua yako nimeisoma wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya furushi la mashuka machafu ya wodi ya wanaume, nikacheka mpaka msimamizi akadhani nimevuta dawa ya madoa. Watoto wa miaka mitano, darasa zima, wamekaa kimya! Wifi, hilo ni darasa au mochwari? Sisi mochwari yetu iko nyuma ya jengo la kufulia, na nakuapia ina kelele kuliko kwako.

Ngoja nikueleze ninapofanya kazi, maana hujawahi kuuliza. Kuna mashine za kufulia, za kukamua, na ile ndefu ya kupiga pasi, ina magogo mawili ya chuma yanayozunguka na moto ndani. Shuka linaingia bichi upande huu linatokea kavu upande ule. Humu ndani mtu hasikii hata mawazo yake. Juzi mwenzangu mmoja, mama mtu mzima mwenye wajukuu, mkono wa gauni lake ulinaswa na ile mashine ndefu. Unajua alisemaje? Hakusema samahani. Alipiga ukelele, wifi, ukelele wa kukutoa roho, mimi nikaruka juu ya matenga nikazima swichi. Mkono wake uko salama, leo amekuja kazini. Angekuja kuniwekea kiganja gotini akasubiri nimalize umbea wangu, mkono huo sasa hivi ungekuwa umepigwa pasi na kukunjwa.

Kwa hiyo usinifundishe kwamba kelele ni utovu wa adabu. Unakumbuka kaka yako? Alikuwa akirudi kazini anamsikia mwanawe tangu kona ya mtaa, anaingia anacheka, anasema nyumba ina watu. Wewe unataka nyumba isiyo na watu.

Na kingine, Mwalimu. Sikukuletea mtoto umfinyange. Nilikuomba umshike kwa sababu huku tunalala wanne chumba kimoja, kitanda juu ya kitanda, na watoto hawaruhusiwi. Nikipata chumba namfuata. Mpe busu langu, na usimwambie asubiri kwanza.

Wifi yako,
Mama Chiriku


22 Februari

Mama Chiriku,

Mochwari. Vizuri. Nimefundisha watoto wadogo tangu wewe ukiwa bado unanyonya kidole, na hakuna mzazi aliyewahi kuniandikia neno kama hilo. Lakini wazazi hao hawaandiki barua zao juu ya mashuka ya wagonjwa, kwa hiyo nakusamehe mazingira.

Habari za mtoto. Jana nilikuwa uani naongea na fundi wa paa. Fundi huyu ana maneno mengi, anajenga kwa mdomo kuliko kwa nyundo. Mtoto akaja, akaweka mkono, akanyamaza. Fundi akaeleza habari za mabati, akaeleza misumari, akaingia kwenye habari za mkewe. Mtoto yupo tu, ametulia. Nilipoufunika mkono wake akasema, "Samahani, shangazi, naomba unisaidie kufungua biskuti." Fundi alibaki mdomo wazi, na ndiyo mara ya kwanza namwona mdomo wazi bila neno kutoka.

Hayo nimeyapata kwa wiki chache. Wewe ulikuwa naye miaka mitano. Ulikuwa unafanya naye nini?

Nimefikiri, na uamuzi wangu ni huu. Mwakani anaanza darasa la kwanza. Nitamwandikisha hapa, mimi nikiwa mlezi wake. Wewe endelea na mashine zako na vitanda vyako vya ghorofa. Mtoto akae kwenye nyumba yenye utaratibu. Likizo uje umwone. Huyu ni damu ya kaka yangu, wewe uliolewa tu. Kama una wazo jingine, basi jifunze kwanza kuomba. Siku hizi hata mwanao anajua kusema samahani anapotaka kitu. Wewe neno "kuomba" umelitumia mara moja, tena kunikumbusha ya zamani.

Mwalimu


2 Machi

Mwalimu,

Niliolewa tu! Haya. Aliyemuuguza kaka yako, akamgeuza, akamwogesha, akamlisha kwa kijiko, alikuwa ni nani, mpita njia? Na huyo mtoto alitoka wapi, alishushwa na gari la oksijeni? Wewe ulikuja siku ya mazishi ukapanga viti.

Nami nikwambie ninachokiona kutoka huku, kwa sababu huhitaji kuwa mwalimu kukiona. Maisha yako yote umekaa na watoto wa watu. Saa za kufunga zikifika wanachukuliwa wote, unabaki na vile viti vidogo, unavipanga ukutani. Sasa umepata mmoja ambaye jioni haji mtu kumchukua, umeonja, umenogewa. Ndiyo maana ya huo ulezi wako. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa ukaniambia ni utaratibu.

Jibu langu ni hapana. Huandikishi mtu. Chumba nimepata, mwenye nyumba ni fundi cherehani, mwanamke mwenye roho yake safi, na watoto anawaruhusu. Anamalizia kupaka rangi. Mwisho wa mwezi wa nne namfuata mwanangu, na sitakuomba. Mtoto niliyemzaa kwa uchungu wangu nimwombe kwa mtu aliyepanga viti? Utasubiri sana, na wewe si ndiye bingwa wa kusubiri?

Mama Chiriku


16 Machi

Wifi,

Nilikuwa nimeapa kutokujibu. Barua yako ya mwisho niliisoma nikaiweka chini ya chungu cha maua, ndipo inapostahili. Lakini limetokea jambo ambalo nataka ulisome umekaa vizuri, maana ndilo linalomaliza ubishi wetu.

Alhamisi nilitembelewa na mkaguzi wa shule za watoto wadogo, pamoja na wazazi kadhaa. Asubuhi nilikuwa nanyoosha vitambaa vya meza chumba cha nyuma. Wageni walifika mapema kuliko walivyosema, kama ilivyo kawaida ya watu wasio na saa vichwani, nikaiacha pasi pale mezani nikatoka kuwapokea. Tukaketi. Mkaguzi akaniuliza ninapataje utulivu ule, akisema shule nyingine anatoka na kichwa kinamgonga. Nikaanza kumweleza kanuni yangu.

Nikiwa katikati ya maelezo, mtoto akatokea mlango wa nyuma. Akaja taratibu, akaweka mkono juu ya goti langu. Aliweka wa kushoto. Nikasema moyoni, nitamkumbusha baadaye, tunatumia wa kulia. Nilimwona vizuri, na mkaguzi alimwona. Nikaamua kumwachia. Kueleza ni kueleza tu, nilitaka mtu yule ajionee kwa macho yake. Nikamaliza maelezo, nikamimina chai, nikawapitishia wazazi sukari. Mtoto kimya. Macho yalimjaa maji kidogo lakini mdomo ameufunga. Mkaguzi akaweka kikombe chini, akasema, "Mwalimu, hili sijaliona popote." Wazazi wakapiga makofi.

Hapo ndipo nikaufunika mkono wake. Akasema, bila kukosea hata neno moja: "Samahani, shangazi, naomba unisaidie, mkono huu mwingine umeungua."

Aliishika ile pasi. Ni kiganja cha kulia. Tulimpeleka zahanati akasafishwa na kufungwa bendeji, nesi anasema kitapona, kwa hiyo usianze kupayuka. Nataka ufikiri tu. Mtoto wa miaka mitano, na maumivu yale, hakunikatiza! Uliniletea habari ya mama mtu mzima na ukelele wake. Haya, nami nimekuletea yangu. Mkaguzi ameniomba niende kwenye semina ya walimu nikawaeleze kanuni hii, na ikiwezekana nimchukue mtoto awe mfano.

Nadhani sasa umeelewa kwa nini anabaki hapa.

Wifi yako,
Mwalimu


19 Machi

Mwalimu,

Barua imefika asubuhi hii. Nimeisoma, nikampa msimamizi aisome, kwa sababu nilidhani macho yangu yameharibiwa na dawa. Msimamizi huyu tangu niajiriwe hajanisemesha neno jema. Alipofika katikati ya ukurasa wa pili akaniambia nenda, kabla sijafungua mdomo.

Uliona chozi la mtoto ukapitisha sukari.

Nakuja na gari hilihili lililoleta barua yako. Hii nitakuwekea mezani, utaisoma tukishaondoka, maana nikikuona sijui kama nitaweza kuongea lugha ya watu. Na pasi yako ikiwa bado iko pale nitaitupa chooni.

Mama yake


30 Machi

Mama Chiriku,

Umeingia darasani kwangu na viatu vyenye tope, watoto wamekaa duara wanahesabu. Ukaliita lile jina kwa sauti ya mnadani. Watoto wakaanza kulia. Tangu siku ile wameshika mtindo wa kuitana kwa kelele, kazi yangu ya miezi imekwenda na maji. Na ulichoniita mbele yao sikiandiki, ingawa kuna mtoto mmoja tayari amekirudia nyumbani kwao, na mama yake amekuja kuniuliza maana yake.

Nataka ukumbuke jambo moja, maana najua utalisahau makusudi. Ulipoita, mtoto hakukukimbilia. Alisimama, akakutazama, halafu akaja kwangu. Aliniwekea mkono gotini. Wewe ukamnyakua kabla sijaufunika. Kulikuwa na kitu alitaka kuniambia, nawe hukumwachia akiseme. Sasa sitakijua. Umezoea kunyakua nguo kwenye mashine ukidhani kila kitu ni nguo.

Umeacha ndala zake, sweta la bluu na mto wake mdogo. Nimevikunja, dereva atakuletea. Sweta lina kifungo kimoja kimelegea, nimekishona. Sikutaka useme nimekurudishia vitu vibovu.

Mkaguzi alipita akamuulizia. Nikamwambia amesafiri.

Mwalimu


9 Aprili

Mwalimu,

Vitu vimefika. Barua yako nimeisoma mbele na nyuma. Viatu vyangu umevisema, ndala umezisema, kifungo cha sweta umekiandikia sentensi mbili. Mkono hujauuliza. Kurasa mbili nzima, na kile kiganja hakimo! Nilidhani nimepitiwa nikarudia kusoma. Hakimo.

Basi sikwambii. Mtu asiyeuliza haambiwi.

Nitakwambia kitu kingine, ufurahi, maana ni kazi ya mikono yako. Jioni nikitoka kazini, mimi na mwenye nyumba tunamfundisha Chiriku kupiga kelele. Ndiyo, umesoma sawasawa. Uani kwetu kuna nafasi. Namwambia, mwanangu, simama pale kwenye kamba ya nguo, uniite kwa nguvu. Anasimama. Ananitazama. Halafu anakuja mpaka nilipokaa, anaweka mkono gotini. Namwambia hapana mama, rudi, niite kutoka kulekule. Anarudi. Anakaa, anafikiri, na uso wake ule wa baba yake. Kisha anasema kwa kisauti cha mbu: "Samahani, mama, naomba nipige kelele."

Mwenye nyumba aliingia ndani kwake, sikumwona tena mpaka asubuhi.

Hongera Mwalimu. Huyu ndiye aliyesikika tangu kona ya mtaa. Siku hizi nikiwa naye chumbani inabidi nigeuke kutazama kama yupo. Akitaka maji anasimama nyuma yangu. Juzi nilikuwa napika nimempa mgongo, sijui alisimama pale kwa muda gani, nilipogeuka nusura nimmwagie sufuria. Kanuni yako nyepesi hiyo. Waambie na hiyo kwenye semina.

Mama Chiriku


17 Aprili

Mama Chiriku,

Mtu anayemsimamisha mtoto uani amfunze kelele, kama anafunza mbwa kubweka, hana cha kunifundisha. Majirani wanakuonaje? Au na wao wanafanya kazi mashineni?

Semina ilifanyika Jumamosi na nilikwenda. Ukumbi ulijaa. Nilieleza kanuni tangu mwanzo mpaka mwisho, wakaandika, wengine wakarekodi kwa simu. Kisha mwalimu mmoja kijana, anatafuna bazoka, hata hakusimama, akauliza, "Na mtoto akiwa ameumia je?" Nikamjibu kwamba mtoto aliyefundishwa vizuri anajua tofauti. Akaandika. Wote wakaandika.

Nilirudi nyumbani kabla ya chakula. Ukumbi ulikuwa na joto.

Usiniandikie tena. Sina nafasi ya matusi yako, nina watoto wa kufundisha.

Mwalimu


6 Mei

Wifi,

Ulisema nisikuandikie, na kwa hakika sikuwa na hamu. Nimeianza barua hii nikaiacha, nikaianza nikaiacha. Naiandika nimeuma meno.

Jumapili nilikuwa uani nasuuza nguo. Kuna ngazi ya chuma ya kupandia juu ya paa tunakoanika. Chiriku alipanda, usiniulize kwa nini, ni mtoto. Akateleza. Mguu ukanasa katikati ya vyuma akaning'inia kichwa chini. Mimi nimempa mgongo na redio ya mwenye nyumba inaimba. Kwanza kimya. Nadhani alikuwa anatafuta goti, wifi, nadhani kweli alikuwa anatafuta goti la kuwekea mkono.

Halafu ikatoka. Mungu wangu, ikatoka! Watu walitoka majumbani mpaka ng'ambo ya barabara. Nilirusha beseni sijui lilikwenda wapi, nikafika, nikamnasua. Hana kitu, mchubuko mguuni tu. Nikamkumbatia pale chini kwenye maji ya sabuni, nalia na kucheka, maana ilikuwa ni sauti yake, ileile, ya kona ya mtaa. Nilijua imekufa.

Mwenye nyumba ndiye aliyenifanya nisikie. Alisimama juu yetu akauliza, "Huyo shangazi ni nani?"

Hakuniita mimi. Aliita shangazi. Nilikuwa nimemshika mikononi bado anaita, "Shangazi! Shangazi!", na anatazama mlango wa nje kama kuna mtu anakuja. Mama yake niko hapa, nimelowa mpaka kiunoni, na mtoto ananitazama kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha mwenzake.

Ningeweza kunyamaza. Nani angekwambia? Mwenye nyumba hakujui, dereva hasomi barua za watu. Nimekaa na jambo hili siku zote hizi. Nakudharau, wifi. Hilo halijabadilika hata chembe, na ukifika hapa nitakudharau uso kwa uso. Mtoto wangu sikupi, futa kabisa. Lakini mtoto ambaye hakukuita kiganja kinaungua, nawe uko chumba cha pili, amekuita huku usikosikia. Na tangu siku hiyo kila geti likigonga anainuka. Mimi siwezi kumwambia uongo, na siwezi kumwambia kweli.

Jumapili siendi kazini. Kuna basi la asubuhi, dereva wa mitungi atakuelekeza nyumba. Njoo. Sikuombi, nakwambia. Nitakupa kiti uani. Na akikuwekea mkono gotini ukamsubirisha hata kwa kumeza mate, nakutoa nje mbele ya mtaa mzima.

Mama Chiriku


9 Mei

Mama Chiriku,

Dereva amenikuta mlangoni na wazazi, walikuwa wananieleza jambo, sijui lipi. Niliwaacha wamesimama nikasoma.

Mwandiko wako bado ni aibu. Ngazi ya chuma isiyo na kizuizi, mtoto wa miaka mitano, mama amempa mgongo anasikiliza redio: ningeweza kukuandikia kurasa juu ya hilo, na nilianza. Niliandika ukurasa mzima kwa utaratibu, tangu salamu. Nimeuchana.

Jumapili nitakuja. Chakula nitabeba changu. Kiti nitakaa utakachonipa.

Mkono vipi? Anaukunja? Anaweza kufumba ngumi au vidole vimevutwa? Anashika kijiko? Anashika penseli? Unamuuma akioga? Nimeuona kila siku akilini tangu ulipomchukua, kabla ya hapo pia, tangu nilipoufungua kiganja chake mbele ya wale watu na makofi hayajaisha. Sikuuliza kwa sababu ungenijibu.

Sasa nijibu. Usiandike barua, inachelewa, na simu sipigi, akisikia sauti yangu atalia. Nimemlipia dereva chai akae hapo kwako, haondoi gari mpaka umwambie. Mwambie kwa mdomo tu, anakunja au hakunji. Nitakuwa nimesimama barabarani.

Shangazi yake